Mgonjwa Hapimwi

Fundi Mikono alikuwa na miaka hamsini na mbili, thelathini kati ya hiyo ameikalia cherehani, na katika maisha yake yote alikuwa amekata kitambaa mara moja tu. Mara moja, na hiyo moja yenyewe heri angekaa na njaa siku ile.

Jina la Mikono alilipata kazini. Katika kiwanda cha sare alikofanya kazi kila fundi alikuwa na kipande chake. Wa kola za mashati aliitwa Kola, mama wa vifungo aliitwa Vifungo, na huyu bwana wetu kazi yake ilikuwa kushona mikono: mifupi shule zikikaribia kufunguliwa, mirefu majira ya baridi, na hakuna kingine. Asiyemjua akilisikia jina hilo alidhani ni mwizi aliyestaafu. Halafu anaonyeshwa mtu mwembamba, mpole, anayekaa ukingoni mwa kiti kana kwamba kiti ni cha kuazima. Lakini mikono aliyoshona ilikaa begani bila mkunjo. Hilo hata adui yake angelikubali, kama angekuwa na ujasiri wa kumpata adui.

Juu ya mafundi wote alikuwepo mkataji. Kushona, mwenye subira yeyote hujifunza. Mshono ukienda kombo unaufumua, unaanza upya, hakuna aliyekufa. Mkasi haufumuliwi. Ndiyo maana mkataji, mzee mmoja mnene waliyemwita Mzee Mkasi, alikuwa na meza yake peke yake karibu na dirisha, anapewa chai wa kwanza, na akipiga chafya watu wanazima cherehani. Saa ya chakula Fundi Mikono alikuwa akijipitisha kwenye meza ile, mikono nyuma, anatazama mistari ya chaki. Alijua ni wapi mzee amebana kitambaa na ni wapi amekiachia, na kwa nini. Alilijua jambo hilo kuliko alivyojua uso wake mwenyewe.

Kutamani alitamani, wala msidhani hakutamani. Nyumbani alikuwa akikata magazeti. Akitoka kazini anatandaza magazeti ya zamani sakafuni, anachora, anakata: makoti ya magazeti, suruali za magazeti, magauni yenye habari za mpira kifuani. Uvunguni mwa kitanda kulijaa nguo za karatasi zinazotosha kuvika mtaa. Kitambaa cha kweli, hagusi.

Ile mara moja ilitokea akiwa na miaka ishirini na tatu, kwenye kibanda cha fundi aliyemfundisha kazi. Fundi hayupo, akaja baba mmoja na kitambaa cha koti. Binti yake anaolewa, na kitambaa kilikuwa zawadi kutoka kwa marehemu kaka yake, kwa hiyo cha pili hakuna. Kijana akasema naweza. Akapima vizuri, akachora vizuri, akakata kifua cha kushoto; kisha, kwa haraka ya kutaka kusifiwa, akasahau kuigeuza karatasi ya kukatia na kukata kifua cha kushoto cha pili. Kosa hilo huwezi kulifanya wewe wala mimi, ni la mafundi. Koti lina ubavu wa kushoto mara mbili na wa kulia haupo. Yule baba alikuja jioni, akavishika vile vipande, akakigeuza kimoja, akaona upande wa ndani umetoka nje. Hakugomba. Alivikunja polepole, akasema, "Si kitu, mwanangu," akaenda zake. Laiti angempiga kibao, ingekuwa imekwisha siku hiyohiyo. Lakini upole ule ulimwingia kijana mpaka kwenye mifupa, na tangu hapo akiuona mkasi juu ya kitambaa cha watu viganja vinamtoka jasho. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sawa, lakini miaka thelathini unashtukia ung'ongo huohuo?

Sasa, mkewe. Mkewe alikuwa msusi, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, mwenye nyonga ambazo viti vyote vya nyumba ile vilizifahamu. Akicheka, mteja anayesukwa anatikisika naye. Walikuwa na binti mmoja tu, lakini yeye alimwita mumewe "baba watoto," mwanzoni kwa matumaini na baadaye kwa mazoea. Wakati binti ana miaka kumi na miwili, siku moja mama alirudi na bahasha ya karatasi, akaitua mezani, akatoa kitambaa cha kijani kibichi chenye maua madogo meupe, kizito, kinachoteremka vizuri. Akasema hakitaki kwa fundi mwingine. Mumewe alikate, alishone, alimalize mpaka kifungo cha mwisho, gauni la kwanza kutoka mkononi mwake.

Fundi Mikono akachangamka kwelikweli. Akampima palepale, huku mkewe akimtania kwamba tepu itaisha kabla ya nyonga. Akaandika kwa penseli kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya: mabega, kifua arobaini na mbili, kiuno thelathini na sita, nyonga arobaini na sita, urefu. Akapiga mstari chini yake. Kesho nakata, akasema.

Kesho mkasi ulikuwa butu. Ukanolewa. Halafu mwanga ukawa hautoshi, kwani mawingu yametanda. Halafu ikawa zamu ya sare za shule, mtu amechoka. Halafu kitambaa cha namna ile, ati, kinataka kukaa kidogo kitulie. Kitulie! Kitambaa kikakaa mwaka, kikakaa miwili. Mkewe aliuliza mpaka mwaka wa nne. Siku ya mwisho kuuliza, Fundi Mikono alimjibu kwa methali, maana waoga hawakosi methali: kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Mkewe akamtazama, akauliza, "Sawa. Na huyo kunguru na ubawa wake anaruka kwenda wapi?" Kisha akakikunja kitambaa, akakitia sandukuni, na hakukitaja tena.

Miaka ikapita. Mwaka jana Mzee Mkasi alianza kutetemeka mikono. Mwanzoni waliona nguo zimekatwa meno meno pembeni wakanyamaza kwa heshima, mwishowe mzee mwenyewe akaenda kwa bosi kuaga. Bosi akasimama katikati ya cherehani akauliza nani anaweza kukata. Mzee Mkasi alimtazama Fundi Mikono tu. Vifungo naye akamtazama. Hata bosi, kwa kufuata macho ya wenzake, akamtazama. Ilibaki ainue mkono. Jamani, mkono! Mtu ameitwa Mikono miaka ishirini na ushee, akashindwa kuinua mmoja.

Kola akainua wake. Kola alikata kama mtu anayepasua kuni, na muhula ule watoto wa shule tatu walivaa mashati ambayo upande mmoja ulikuwa na haraka kuliko mwingine. Lakini aliomba, akapewa.

Fundi Mikono aliisimulia habari hiyo nyumbani huku akicheka, akimwigiza Kola anavyoshika mkasi kama koleo. Mkewe hakucheka. Alikuwa ananawa mafuta ya nywele mikononi.

"Ulikitaka hicho cheo?" akamuuliza.

"Nilikitaka."

"Kiasi gani?"

Akaanza tena kumwigiza Kola. Mkewe akafuta mikono, akaenda kulala mapema, akisema tumbo linamsumbua. Walidhani ni la siku mbili.

Miezi minane baadaye tumbo lile lilikuwa limeshakula kila kitu walichokuwa nacho, na hospitali iliwarudisha nyumbani na mfuko wa dawa za maumivu. Daktari alimwita Fundi Mikono kando kwenye korido, akamweleza kwa upole kwamba wasihesabu miezi tena, wahesabu wiki. Binti yao, sasa mwalimu katika mji mwingine, akaomba likizo akaja kumuuguza mama yake.

Mgonjwa alikuwa na masharti. Mumewe asiingie anapooshwa. Asiingie anapobadilishwa nguo. Akiingia, amkute ameketi na sweta lake kubwa la sufu, blanketi mpaka kidevuni, anatabasamu. Alisikia baridi sikuzote, alisema. Fundi Mikono alileta supu, akakaa ukingoni mwa kiti, wakaongea habari za kazini, na kwa kuwa alimwona kila siku hakuona kitu. Uso umepungua, ndiyo, aliuona. Mengine yalikuwa chini ya sufu, na yeye hakuwa mtu wa kufunua.

Alasiri moja aliwahi kurudi. Umeme ulikatika kiwandani wakaachiwa mapema. Alikuwa anavua viatu mlangoni aliposikia binti yake, upande wa pili wa pazia, akimwambia mama kwamba amekiona kile kitambaa cha kijani sandukuni. Kuna fundi hodari karibu na soko. Akimpelekea leo, keshokutwa gauni lipo, mama alivae.

"Kiache," sauti ya mkewe ikasema. Ilikuwa sauti ndogo, alilazimika kutega sikio. "Magauni ninayo mengi. Mimi nilitaka kumwona baba yako akikata."

Fundi Mikono alibaki ameinama, kiatu kimoja mkononi. Aliona aibu ambayo hajapata kuiona, hata siku ya yule baba wa koti. Miaka yote alidhani amemnyima mkewe nguo. Akavaa tena kiatu, akatoka bila kubisha hodi, akaenda mpaka kwa Mzee Mkasi.

Mzee alikuwa ameketi kibarazani kwake, mikono ameikalia ili isionekane inavyocheza. Alipoambiwa, hakushangaa. Alisema alijua zamani kwamba kijana (alimwita kijana) angeweza kumpita hata yeye, na alimtazama siku ile kwa sababu hiyo. Kwa nini hakumtaja jina kwa bosi? Kwa sababu mkataji anayetajwa na mwenzake, akikosea, atakuwa na wa kumlaumu. Lazima ajitaje mwenyewe. Basi, sasa anataka ushauri gani?

Fundi Mikono akauliza jambo moja tu: ampime upya?

Hapo mzee akatoa mkono mmoja chini ya paja, ukitetemeka, akauinua kumzuia. Mafundi wa pale walikuwa na mwiko wao, wa zamani kuliko kiwanda: mgonjwa hapimwi. Umzungushie mgonjwa tepu, umempimia jeneza. Hata mteja akija anakohoa walimwambia apone kwanza. Wapo waliopuuza, akasema mzee, na yaliyowapata ameyaona, asiseme mengi.

"Daftari unalo?" akauliza.

"Ninalo."

"Tumia daftari. Namba za fundi hazidanganyi."

Sikiliza. Neno hilo lilikuwa la kweli miaka yote aliyofanya kazi Mzee Mkasi. Hata Fundi Mikono lilimwingia vizuri, tena lilimfariji, maana kupima mwili ule ndicho kitu alichokiogopa sasa kuliko mkasi. Woga haufi kirahisi, ukifukuzwa mlangoni unapitia dirishani. Hakujua kwamba ameuhamisha tu.

Jumapili asubuhi alisubiri mgonjwa asinzie, akakitoa kitambaa sandukuni, akaenda nacho kiwandani, ambako siku hiyo hakukuwa na mtu isipokuwa mlinzi. Akakitandaza kwenye meza ya mkataji karibu na dirisha. Akafungua daftari ukurasa wa kwanza, akatandaza na karatasi za kukatia. Akachora. Alichora bila kufuta hata mara moja, maana mistari ile alikuwa ameichora kwenye magazeti mara mia. Kisha akashika mkasi na viganja vikaanza kutoka jasho, kama kawaida yake.

Aliuweka chini. Akaushika. Akauweka. Mlinzi alipita, akamkuta anaongea peke yake, akaendelea na safari yake. Mwisho Fundi Mikono akapiga moyo konde, akasema liwalo na liwe, akaingiza ubapa wa chini wa mkasi chini ya kitambaa na kufunga mkono.

Kilikatika. Basi, ndiyo habari yenyewe. Kilikatika vizuri, kwa sauti nzito ya kitambaa kizuri, na mkono ukaendelea mbele wenyewe, ukapinda kwenye kwapa, ukanyooka kiunoni, ukafunguka kwenye nyonga. Nyonga zile alizikata akitabasamu. Alikata kifua mbele na nyuma, akageuza karatasi ilipohitaji kugeuzwa, akakata mikono, na alipomaliza alitazama saa akaona ni dakika arobaini hazijafika. Akacheka peke yake kwenye kiwanda kitupu. Kama kuna saa moja ya furaha katika habari hii, ni hiyo, naye aliistahili, na natamani ningeishia hapo.

Akalishona gauni siku tatu, mchana wa Jumapili na saa za chakula, na mikono aliiweka ilivyojua kukaa. Vifungo akamtobolea matundu ya vifungo bila kuuliza, akayashona kwa uzi wa hariri aliouficha kwa ajili yake mwenyewe. Kola akaja, akaligeuza ndani nje akitafuta kosa, akalikosa, akalirudisha. Jumatano Fundi Mikono aliomba ruhusa saa sita, akalipiga pasi, akalibeba mkononi barabara nzima, limening'inia mbele yake, bila kulikunja.

Alipoingia nalo, mkewe alijiinua kwenye mto. Aliyatazama maua meupe, akamtazama yeye, akauliza kama ni kweli amekata mwenyewe. Akajibu, mwenyewe. Mgonjwa akafumba macho kidogo, akayafumbua, akamwambia binti amsaidie kulivaa, na baba watoto asubiri nje ya pazia.

Alisubiri. Alisikia sweta likivuliwa, kitanda kikilia, pumzi. Alisikia zipu ya mgongoni ikipanda, upesi mno, bila kukwama popote. Masikio ya fundi yanaijua zipu. Akaita, vipi huko? Akashika pazia bila kulifunua. Akaita tena, na mkewe akasema ingia.

Alikuwa amesimama mbele ya kioo cha kabati, binti amemshika kiwiko. Gauni lilikuwa zuri. Lilikuwa limekatwa vizuri kuliko gauni lolote lililopata kutoka kwenye kiwanda kile, na ndani yake hakukuwa na mtu wa kulijaza. Shingo ilikuwa imeteremka begani mpaka mfupa ukaonekana. Kifua kilikuwa kimekunjika kwa ndani. Nyonga, zile nyonga alizozikata akitabasamu, zilining'inia pembeni zote mbili, tupu, na ndani ya mikono mizuri ile mlitokea viganja viwili ambavyo hakuvijua ni vya nani. Ndipo Fundi Mikono alipomwona mkewe kwa mara ya kwanza katika miezi minane.

Binti akasema limekaa vizuri sana, mama, kisha akageuka ukutani akaanza kulia.

Mgonjwa aliendelea kutazama kioo. Akapitisha kiganja kwenye mshono wa ubavuni, kwa kuufurahia kabisa.

"Kazi safi," akasema. "Huyu uliyemshonea nilimjua, baba watoto. Alikuwa mwanamke mzuri. Ungempa wakati wake, angefurahi mno."

Niambieni nyinyi, mtu anajibu nini hapo? Fundi Mikono akashika ukingo wa kitanda. Kisha akaanza kubabaika: ni jambo dogo, atalipunguza, atalichukua sasa hivi, kwa jicho tu anaona pa kubana, inchi mbili hapa, tatu pale, kesho litakuwa tayari.

"Kwa jicho hapana," mkewe akasema. "Nipime."

Akamwambia haiwezekani. Akamweleza mwiko, mgonjwa hapimwi, Mzee Mkasi mwenyewe ameona mambo. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kwa subira ya mtu aliyemsikiliza miaka ishirini na nane.

"Mimi mgonjwa nilikuwa zamani," akasema. "Sasa nakufa. Mnaniogopa nyote humu ndani, na mimi nimechoka kuwaficha. Nipime, mume wangu."

Tepu ilikuwa shingoni mwake, kama kawaida, hata hakukumbuka kwamba ameivaa. Akaivua. Akapiga magoti, akaizungusha nyuma ya mgongo wa mkewe, akazileta ncha mbele, akaangalia. Kisha akaangalia dirishani.

"Kifua ngapi?"

Angeweza kudanganya. Yeyote kati yetu angedanganya. Tena angejipongeza kwamba ana huruma.

"Ishirini na tisa," akasema.

"Nyonga?"

"Thelathini na moja."

Mkewe akaitikia kwa kichwa, kila namba, kama mtu anayesomewa majina ya watu anaowafahamu. Mabega, akaambiwa. Kiuno, akaambiwa. Binti aliandika nyuma ya bahasha ya dawa, kwa mwandiko wake wa ubaoni. Zilipokwisha zote, gauni likavuliwa, mgonjwa akarudishwa kitandani na blanketi lake, bila sweta safari hii. Akamwambia mumewe asiende nalo popote. Alikate hapohapo, yeye aone.

Fundi Mikono akafumua mbavu za gauni kwa wembe. Akalitandaza mezani, meza ileile ya kulia chakula, akaisogeza mpaka kitandani ili mkewe asilazimike kuinua kichwa. Akachora mstari mpya ndani ya mstari wa zamani, na kati ya mistari hiyo miwili kiganja chake kizima kilienea. Akachukua mkasi. Viganja vilikuwa vikavu. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na ingekuwa afadhali ungetetemeka. Akakata ubavu wa kushoto kutoka kwapani mpaka kwenye pindo, mkato mmoja, bila kusimama.

Mkewe aliufuata mkasi kwa macho toka juu mpaka chini. Kipande kilipoanguka sakafuni akauliza, kwa mshangao wa kweli, wala hakuwa na kejeli:

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu," mumewe akasema.

"Miaka kumi na moja."

"Miaka kumi na moja."

Mgonjwa akafikiri kidogo. Akasema anataka kuona na upande wa pili, ila alisogeze karibu, mwanga umepungua. Mwanga haukuwa umepungua, ilikuwa saa tisa mchana na jua limejaa chumbani. Fundi Mikono akaisogeza meza mpaka ikagusa godoro. Akageuza kitambaa, akachora, akauliza kama anaona. Mkewe alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja nje ya blanketi. Alisubiri aamke. Binti akaja, akamgusa mama yake paji la uso, akasikiliza pumzi, akasema baba, mwache, siku hizi akilala hivi haamki mpaka kesho, na juzi karibu asiamke kabisa.

Basi akakata ubavu wa kulia peke yake, kisha mabega, kisha ile mikono. Binti alipoinama kufagia alikusanya vipande vya kijani vilivyoanguka, akavipanga juu ya kiti akivilinganisha, kama afanyavyo mtu asiye na la kufanya. Akasema vinatosha gauni la mtoto wa miaka kumi na miwili, kama alivyokuwa yeye kitambaa kilipoletwa. Baba yake akasema ndiyo, vinatosha, akatia uzi kwenye sindano, akaanza kushona ubavu wa kushoto.